Chumvi ya Bahari ya Chumvi haiponyi pumu ya ngozi

Wagonjwa wengi wa pumu ya ngozi, yaani ukurutu, huambiwa kwamba wakioga maji ya Bahari ya Chumvi, iliyo baina ya Israeli na Jordan, chumvi "itavuta sumu" na ugonjwa utakwisha. Si kweli. Ukurutu hautokani na sumu iliyonasa ndani ya ngozi, bali na udhaifu wa tabaka la nje la ngozi, ambao mara nyingi ni wa kurithi, unaosababisha unyevu upotee upesi na vichochezi vipenye, huku kinga ya mwili ikijibu kwa mwasho na wekundu.

Nafuu, hata hivyo, ipo. Maji hayo yana chumvi takriban mara 10 ya bahari ya kawaida na magnesiamu nyingi. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa wenye ngozi kavu waliotia mkono mmoja kwa dakika 15 katika maji yenye asilimia 5 ya chumvi hiyo na mwingine katika maji ya bomba. Ule wa kwanza ulihifadhi unyevu vizuri zaidi, na wekundu ukapungua. Huko si kupona. Wanaosafiri kwenda huko hupata pia jua na mapumziko, mambo ambayo peke yake huweza kuituliza ngozi.

Kinachonisikitisha ni mzazi kuacha dawa ya kupaka aliyoandikiwa mtoto na kumlowesha katika chumvi inayochoma nyufa zake. Anayetaka kujaribu azungumze kwanza na daktari, ajisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kisha apake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu.