Nini maana ya "kurejesha hali" baada ya mafuriko

Katika taarifa za serikali kuhusu mafuriko kuna maneno mawili ambayo huwekwa mkiani, baada ya hesabu ya magodoro na magunia ya unga: "kurejesha hali". Wengi huyapita haraka, maana yanafanana na maneno ya kujuliana hali. Kumbe ni istilahi, tena imebeba swali zito kuliko yote yaliyotangulia. Hali ipi, ya nani, na irudishwe wapi?

Wanaoshughulika na maafa huigawa kazi yao mafungu manne: kuzuia au kupunguza madhara, kujiandaa, kukabiliana na maafa yanapotokea, kisha kurejesha hali. Kukabiliana ndiko tunakokuona kwenye taarifa ya habari: mitumbwi ikiokoa watu, familia zimelala madarasani, dawa ya kutibu maji inagawiwa ili kipindupindu kisiingie. Kurejesha hali kunaanza pale mtu anapoambiwa kambi inafungwa, naye akajiuliza anakwenda kulala wapi na atavuna nini mwaka huu. Kukabiliana huhesabiwa kwa siku na wiki. Kurejesha hali kunaweza kula miaka.

Tuchukue Rufiji. Mto huu hukusanya maji ya karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, na mengi yake hutoka Kilombero, mto unaoumiminikia. Mafuriko huko si mgeni. Warufiji wana hata kilimo chao kinachoyategemea, kiitwacho mlau: maji yakishuka na kuacha tope jeusi, watu hupanda humo humo bila kungoja mvua. Kwa hiyo ukimuuliza mkulima wa bondeni kwa nini hahami, umemuuliza kwa nini hataki kuacha shamba lenye rutuba kuliko yote aliyonayo. Kuna mafuriko ya kulisha na kuna mafuriko ya kuangamiza, na mto ni ule ule.

Yale ya Aprili 2024 yalikuwa ya kuangamiza. Mvua zilizochochewa na El Niño zilijaza mto, na maji yakafunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini kote na kuathiri zaidi ya watu 200,000.

Nani hufanya nini hapo? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa na mkoa hadi wilaya na ngazi za chini, huku uratibu wa nchi nzima ukikaa Ofisi ya Waziri Mkuu. Wilayani, kamati inaongozwa na mkuu wa wilaya, ambaye ni mteule wa Rais. Lakini wenye mikono ya kazi, yaani afisa kilimo, afisa ustawi wa jamii, mganga mkuu wa wilaya na mhandisi, wako halmashauri chini ya mkurugenzi. Wananchi wengi huwachanganya viongozi hawa wawili, na siwalaumu, kwa kuwa siku ya mafuriko husimama pamoja wamevaa mabuti ya aina moja. Tofauti huonekana miezi mitatu baadaye, unapotafuta mlango wa kugonga.

Na milango yenyewe ni mingi, kadhaa ikiwa ya wakala za serikali kuu. Barabara ya kijijini iliyokatika ni ya TARURA. Barabara kuu ni ya TANROADS. Kisima na bomba la kijiji ni vya RUWASA. Choo cha shule na zahanati ni vya halmashauri. Mahindi ya msaada yanaweza kutoka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Halmashauri haina kalamu ya kuidhinisha fedha za hao wote, ila ndiyo inayotarajiwa kujua kipi kimeharibika wapi na kuwasukuma. Mapato yake ya ndani, yanayotokana na ushuru wa mazao, leseni na mengineyo, nayo huwa yamesombwa pamoja na mazao. Shida inapokuwa kubwa zaidi, mfuko wake ndio unakuwa mwepesi zaidi.

Kenya wamelishika jambo hili kwa sheria tofauti kidogo. Katiba ya 2010 imeyaweka maafa mikononi mwa serikali ya taifa na za kaunti kwa pamoja, na sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, lakini matumizi yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti. Kwa kaunti kama Tana River, ambako mto hufurika mara kwa mara na mapato ni haba, asilimia hiyo inaisha upesi.

Turudi Rufiji, kwenye daftari. Kabla ya bati moja kutolewa, hufanywa tathmini: mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wanaandika kaya zilizoathirika, orodha inapanda kata, wilaya, mkoa. Kila msaada unaofuata unalisoma daftari hilo, kwa hiyo nathubutu kusema kurejesha hali kunafaulu au kunakwama pale, kwenye meza ya mtendaji, kuliko pengine popote. Asiyeandikwa hakufurikiwa.

Sasa tazama ugumu wake. Warufiji wengi nyumba zao ziko mwinuko na mashamba yako bondeni, ambako msimu wa kulima baadhi yao huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili kulinda mazao. Mwandikaji wa daftari akipita kijijini akihesabu nyumba zilizobomoka, mtu huyu hana hasara: nyumba yake imesimama. Kumbe ekari zake zote za mpunga ziko chini ya maji. Mpangaji naye huandikwa vipi, kama bati litapewa mwenye nyumba? Mume mwenye wake wawili katika vyungu viwili ni kaya moja au mbili? Haya hayajibiwi na waraka kutoka Dodoma. Hujibiwa na mtu anayewajua majirani zake, au hayajibiwi. Ndiyo sababu orodha ikibandikwa hadharani na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji makosa huonekana mapema, watu wakabishana wakiwa bado wana la kurekebisha.

Kuna neno jingine linalochanganywa sana na haya: fidia. Msaada wa maafa hutolewa kwa sababu umeumia. Fidia hulipwa kwa sababu kuna aliyekuumiza au aliyechukua mali yako. Mwaka 2024 mjadala huu ulikuwa mkali, kwa kuwa maji yalikuwa yakifunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere juu ya mto. Wapo walionyoosha kidole bwawani. Serikali ikajibu kwamba Rufiji ilifurika tangu zamani, kabla ya bwawa. Sina haja ya kuamua kesi hapa. La kushika ni kwamba anayepokea gunia la mahindi hajalipwa shamba lake, na afisa anayegawa gunia hilo hapaswi kuliita fidia.

Sehemu iliyowahi kujaribiwa mara nyingi na kuleta majuto mengi ni kuhamisha watu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawatoa watu bondeni na kuwaweka vijiji vya mwinuko. Watu walihama, mashamba hayakuhama. Wakawa wanatembea mwendo mrefu kurudi bondeni kulima, au wanalima mwinukoni kwenye mchanga usiozaa sana. Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipofurika Dar es Salaam na kuua watu wapatao 40, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini. Baadhi walivipokea, wakaviuza, wakarudi karibu na Jangwani, bondeni mwa Msimbazi. Magazeti yaliwasema. Lakini mama ntilie anayeuzia wateja wa Kariakoo anafanya nini Mabwepande saa kumi na moja alfajiri, nauli hana?

Hapo ndipo wataalamu wanaposema hali isirudishwe ilivyokuwa, bali iwe bora kuliko awali, msimamo ulioingizwa katika mwongozo wa kimataifa uliopitishwa Sendai, Japani, mwaka 2015. Ni wazo zuri linaloharibika likieleweka kuwa ni nyumba bora tu. Kwa bonde la Rufiji, bora kuliko awali inaweza kuwa shule iliyojengwa juu ili isigeuke bwawa, tangazo la kufungua maji ya bwawa linalofika kitongojini siku kadhaa kabla, ghala la kijiji mwinukoni, au pantoni inayofanya kazi barabara ikikatika.

Na mbegu. Mlau haungoji. Maji yakianza kushuka, mkulima ana wiki chache tu za kupanda kabla tope halijakauka na kupasuka, naye mbegu alizohifadhi zimeoza pamoja na mazao. Kamati inayoleta mbegu wiki hizo imemrudishia mtu chakula chake kabla ya masika mengine. Zikichelewa kwa sababu saini moja ilikuwa safarini, ataandika jina lake kuzipokea, azisage apike ugali, arudi kwenye foleni ya unga.