Alamu nyingi sio usalama zaidi
Watu wengi viwandani bado wanaamini ukijaza alamu kila kona ndo mtambo uko salama, hapana jamani. Pampu ikiwaka kama kawaida hilo ni tukio tu, linaandikwa kwenye logi na saa yake basi, alamu ni pale opereta anatakiwa afanye kitu sasa hivi. Angalia Milford Haven kule Wales, Julai 1994, dakika 11 za mwisho kabla kiwanda cha kusafisha mafuta hakijalipuka, maopereta wawili walipigiwa alamu 275, yaani moja kila sekunde mbili na kitu, sasa hapo unasoma ipi unaacha ipi? Na nyingi zilipewa uzito wa juu 😅. Mwongozo wa EEMUA 191, ule wa mifumo ya alamu viwandani, unataka mtambo ukiwa katika hali ya kawaida wastani usizidi alamu 1 kwa opereta kila dakika 10.