Maana ya Kiambata Asilia cha Baharini katika Taaluma ya Dawa

Kiambata asilia cha baharini ni kemikali ambayo kiumbe wa baharini huitengeneza mwenyewe ili kujilinda, kuwinda au kushindana na majirani zake, wala haimo katika shughuli zake za msingi za kula, kupumua na kukua. Kwa sababu hiyo watafiti huwatazama kwanza sifongo, matumbawe laini na wanyama wengine wanaoishi wameng'ang'ania mwamba maisha yao yote, kwa kuwa mnyama asiye na gamba, tena asiyeweza kukimbia, mara nyingi huwa amejihami kwa sumu.

Famakolojia, kwa upande wake, ni elimu ya jinsi dawa inavyotenda kazi mwilini. Elimu hizi mbili zinapokutana, mtafiti hukabiliwa na maswali mawili: kemikali hii ni ipi, na ikiingia mwilini inagusa nini? Kujibu swali la kwanza, sampuli husagwa na kulowekwa katika kiyeyushi kama methanoli, kisha kinachopatikana hutenganishwa fungu kwa fungu, na kila fungu hujaribiwa juu ya seli au vimelea mpaka ibaki kemikali moja safi yenye nguvu inayotafutwa. Swali la pili ni gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa, maana sumu baharini ni tele, lakini sumu inayogusa mahali pamoja tu mwilini ni adimu.

Kazi ya Baldomero Olivera, mwanasayansi mzaliwa wa Ufilipino, inalionyesha jambo hili vizuri. Aliporejea kwao kutoka Marekani alikosa vifaa vya kuendeleza utafiti wake wa DNA, akageukia sumu ya konokono wa baharini wa jamii ya Conus, ambao huwachoma samaki na kuwapoozesha. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Utah, mwanafunzi wake Craig Clark alipendekeza kwamba sehemu za sumu hiyo zidungwe moja kwa moja katika ubongo wa panya badala ya tumboni. Matokeo yakawa ya kushangaza: sehemu moja ilimlaza panya usingizi, nyingine ilimtetemesha, kana kwamba kila moja ilikuwa na mlango wake katika mfumo wa neva. Mojawapo ya kemikali hizo, yenye amino asidi 25 (vijenzi vya protini), ilitoka kwa konokono aitwaye Conus magus, nayo huziba njia za kalsiamu, yaani vipenyo vidogo vya kupitishia kalsiamu, ambazo neva huzitumia kupitisha taarifa za maumivu katika uti wa mgongo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa jina la zikonotaidi. Haileti uraibu kama mofini, lakini inaweza kuvuruga akili, tena hulazimu ipelekwe kwa pampu hadi kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Hivyo hupewa wagonjwa wachache wenye maumivu makali yaliyoshindikana kwa njia nyingine. Anayedhani kwamba kitu kikiwa asilia basi ni salama, na akumbuke kwamba konokono wa jamii hiyohiyo huweza kumuua mtu.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kiasi. Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Daisuke Uemura na Yoshimasa Hirata, walitangaza halikondrini B, kemikali yenye nguvu kubwa dhidi ya seli za saratani. Waliipata katika sifongo aitwaye Halichondria okadai, na kilo 600 za sifongo huyo ziliwapa miligramu 12.5 tu. Hakuna bahari inayoweza kuhimili mavuno ya namna hiyo kwa ajili ya wagonjwa wa dunia nzima. Ufumbuzi ulitoka maabara: mwaka 1992 kundi la Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard liliunda molekuli hiyo yote kwa mkono wa kemia, na katika kazi hiyo ikabainika kwamba nusu yake tu ndiyo iliyobeba nguvu ya tiba. Nusu hiyo, baada ya kurekebishwa, ndiyo eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyosambaa, iliyoidhinishwa mwaka 2010. Kutoka sifongo hadi dawa ilipita miaka 24, ambayo ni sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mtafiti yeyote.

Kwa hiyo dawa inayoitwa ya baharini mara nyingi haina hata chembe iliyotoka baharini. Sitarabini, inayotibu saratani ya damu tangu mwaka 1969, ilibuniwa kwa kufuata muundo wa kemikali ambazo mwanakemia Werner Bergmann alizipata katika sifongo wa pwani ya Florida, lakini hutengenezwa kiwandani. Isitoshe, imebainika kwamba viambata vingi vilivyodhaniwa kuwa vya mnyama hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, na ndiyo sababu watafiti wengi sasa husoma DNA ya bakteria hao na kuwakuza maabarani, pale wanapokubali kukua, bila kuvuna sifongo.