Jina la mkulima mmoja kati ya 1,000

Likizo iliyopita mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alinijia hapa Mikindani na swali ninaloulizwa na wanafunzi wengi: "Mjomba, nataka kujifunza sayansi ya kompyuta. Nitaanzaje na kompyuta sina?"

Mimi ni mtengeneza programu, ndiyo kazi inayonilisha. Nikamwambia tutaanza na daftari la mama yake.

Dada yangu ni karani wa chama cha msingi huko Tandahimba. Msimu wa korosho ukifika, wakulima wanapanga foleni ghalani na magunia yao, na kila anayefika jina lake linatafutwa daftarini. Tuseme majina ni 1,000, yameandikwa kwa jinsi watu walivyojiandikisha. Ukianza juu ukishuka moja moja, kuna siku jina litakuwa la mwisho kabisa, na umeshapitia yote 1,000. Sasa yapange kwa alfabeti. Fungua katikati. Jina unalolitaka likiwa linakuja baadaye, nusu ya kwanza yote huna haja nayo tena. Gawa nusu iliyobaki, halafu gawa tena. Hatua 10 zinatosha. Majina yakiwa milioni moja, hatua ni 20.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kuyapanga je? Hiyo si kazi?"

Hilo ndilo swali. Kozi nyingi za kompyuta mjini zinafundisha kuchapa barua na kujaza majedwali, na ni ujuzi wa maana, unaajiri watu. Lakini sayansi yenyewe imo kwenye swali la binti huyu: kazi hii ina hatua ngapi, na je, ipo njia yenye hatua chache zaidi? Mpangilio wa hatua hizo unaitwa algoriti, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Wakati huo hapakuwa na kompyuta.

Tukakata karatasi vipande 40, tukaandika majina, tukavitandaza kwenye mkeka barazani. Upepo wa ghuba ukawa unavipeperusha, ikabidi kila kipande tukikandamize kwa korosho. Alianza kama wengi tunavyoanza: chukua kipande, kipitishe kwenye vilivyokwisha kupangwa mpaka kipate nafasi yake. Kwa vipande 40, mambo yakiwa mabaya kabisa, utalinganisha mara 780. Kwa majina 1,000, mara 499,500.

Njia ya pili: panga viwili viwili, kisha unganisha mafungu mawili kuwa moja. Unatazama tu kipande cha mbele cha kila fungu, unachukua kinachotangulia, basi. Unaendelea kuunganisha mpaka libaki fungu moja. Vipande 40 vinamalizika kwa mizunguko 6. Majina 1,000 yanahitaji mizunguko 10, na katika kila mzunguko hulinganishi hata mara 1,000. Yaani jumla haifiki 10,000. Aliandika 499,500 na 10,000 juu na chini, akazitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikaa kimya. Nilitaka tofauti hiyo imwingie mwenyewe.

Siku ya tatu ndipo tulipogusa simu. Kwenye simu za Android ipo Pydroid 3, programu ya kuandikia Python, lugha mojawapo ya kuiagiza kompyuta. Ukishaipakua, inaendesha Python hata bando likiisha. Akaandika ile njia ya kugawa nusu kwa nusu. Vigeu, yaani vishikio vya namba ndani ya programu, alivipa majina ya Kiswahili: chini ni mwanzo wa sehemu iliyobaki, juu ni mwisho wake, na kati ni katikati yake. Python haina shida na hilo. Akaweka orodha ya majina 10, akatafuta la kwanza, likapatikana. Akatafuta la mwisho, Zuhura. Simu ikakwama, haijibu.

Alitaka afute yote aanze upya. Nikamkataza. Mwanafunzi anayefuta kila kinapoharibika hajui kilichoharibika, na kesho atakosea palepale. Nikampa kalamu achore safu tatu daftarini, kisha afanye kwa mkono kila inachofanya simu. Python huanza kuhesabu na 0, kwa hiyo chini ni 0, juu ni 9, kati ni 4. Halafu 4, 9, 6. Halafu 6, 9, 7. Halafu 7, 9, 8. Halafu 8, 9, 8. Halafu 8, 9, 8.

"Mjomba, haisogei!"

Alikuwa ameandika chini = kati. Katikati ya 8 na 9, ukitupa nusu inayozidi, ni 8 ileile, basi programu inazunguka hapohapo milele. Kipande cha kati kimeshatazamwa, hakuna sababu ya kukirudia. Akaongeza + 1, Zuhura akapatikana papo hapo.

Jioni alikuja na jambo jingine: daftarini kwa mama yake wamo wakulima wawili wenye jina lilelile hadi la babu. Programu yake itamleta yupi? Tukarudi mkekani na vipande vyetu, safari hii kila kimoja kikiwa na namba ya uanachama.