Usiufue kwanza! Uongo kuhusu midoli ya zamani unaonichosha

Juzi kanijia mama mmoja wa Ukerewe, kashuka na meli ya asubuhi kutoka Nansio, kapanda daladala mpaka hapa soko la Mlango Mmoja, Mwanza, kiroba mkononi, ndani ya kiroba kuna dubu wa kuchezea. Nikamwamkia, nikamvutia stuli, kabla hajakaa vizuri kashaanza kufungua huku anatabasamu, "mwanangu we mwangalie, nimemloweka usiku kucha na sabuni ya unga, jiki kidogo, nikamwanika juu ya bati, saa hivi anang'aa." Mi nikabaki nimeshika kiuno.

Dubu mwenyewe wa manyoya ya mohea, mikono mirefu iliyopinda, kinundu mgongoni, pua ndefu, nyayo kubwa, yaani mkao ule ule wa dubu wa Kijerumani wa zamani, anasema babu yake alipewa na wamisionari. Sikio la kushoto nikaona lina katundu. Nikamuuliza mayu (mama kwa Kisukuma), hapa palikuwa na nini? "Aaa, palikuwa na kakifungo ka chuma kana kutu, nikakatoa kasije kakachafua nguo za mtoto." Kako wapi? Kalitupwa ziwani.

Sisemi alikuwa Steiff, ile kampuni ya Kijerumani ya dubu wenye kifungo sikioni. Bila kifungo, na kwa hali aliyofika nayo, siwezi kuapa. Ila bei ambayo ingewezekana sikumtajia, mama wa watu ana presha.

Kwa hiyo leo naanza na hili maana ndo linaloniua: eti mdoli wa zamani ukiwa mchafu uufue kwanza ndo upate bei. Kibandani nimebandika karatasi kabisa, USIFUE, kwa maka peni nyekundu, na bado kila nikikaa analetwa mwingine ananuka sabuni. Mkusanyaji wa kweli uchafu haumtishi, vumbi la miaka 70 anajua kulitoa au ana mtu wa kumtolea. Asichotaka ni mdoli ulioharibika.

Shida mnadhani ndani kuna pamba za plastiki kama hii midoli ya siku hizi. Dubu wa mwanzo wa miaka ya 1900 mpaka kwenye 1950 huko, wengi tumboni wamejazwa nyuzi za mbao, nyembamba kama tambi, zile zile zilizokuwa zinafungashiwa vyombo vya glasi visivunjike. Wengine wamejazwa sufi, sufi hii hii ya kwenye mito, Waingereza waliitumia sana. Sasa nyuzi za mbao zikinywa maji zinavimba, zinagandana, na katikati hazikauki hata uanike wiki, juu bati linababua manyoya, ndani kunaoza taratibu. Na sufi ndo usiseme, aliyewahi kufua mto wa sufi anajua alichokitoa kwenye beseni.

Halafu kuna viungo. Mkono wa dubu unazunguka kwa sababu ndani kuna duara za kadibodi zimebanwa na kota pini, watu wa gereji mnaielewa. Kadibodi ikilowa inakuwa uji, kota pini inapata kutu, kutu inapenya inatokea kwenye manyoya na hapo hata ulie haitoki. Ndo maana mkono wa yule dubu wa Ukerewe ulikuwa unaning'inia kama wa mlevi wa Jumamosi. Na wale wanaonguruma ukiwainamisha, tumboni mna kakopo kenye kiriba kadogo ka hewa na kauzito, ukimgeuza kauzito kanashuka kanasukuma hewa ndo unasikia ngrrr. Maji yakiingia humo, kimya mpaka kiama.

Na jiki jamani! Mohea ni manyoya ya mbuzi, mbuzi wa Angora, ni kama nywele zako tu. We unaweza kuloweka kichwa kwenye jiki usiku kucha?

Kuna na hili ambalo watu hawalifikirii kabisa. Kale katochi ka zambarau ka kukagulia noti bandia, mi nakatumia kukagua midoli. Gizani ukiumulika mdoli, uzi na kitambaa vikiwaka mwanga wa bluu, mara nyingi hiyo ni kazi ya karibuni, maana dawa za kung'arisha weupe zimekuja kuenea kwenye vitambaa na sabuni kama katikati ya karne iliyopita. Mdoli wa 1910 hautakiwi kuwaka. Sasa sabuni ya unga imejaa hiyo hiyo dawa! Ukishaufua, mdoli halali wa babu yako unawaka kama disko, mnunuzi anakuambia feki, na huna la kumjibu. Yule wa Ukerewe nilimmulika, mishono yote inawaka.

Mi nasafisha hivi. Brashi laini ya rangi, au vakyumu nimeipunguza nguvu na mdomo wake nimeuvisha stokingi ili jicho likichomoka lisimezwe. Baadaye sabuni ya maji isiyo kali, kidogo sana kwenye bakuli, piga mpaka itoe povu, chota POVU siyo maji, jaribu kwanza kwapani ambako hakuonekani, ukiona rangi haitoki pitisha juu juu ya manyoya tu, futa na kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, kausha kivulini na feni. Jua la Mwanza mnalijua, linapausha shati jipya, sembuse manyoya ya 1930.

Ukiona mdoli umeingiliwa na nondo, wale wadudu wanaokula manyoya, weka kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga, friza wiki mbili, na ukiutoa uache kwanza urudi joto la kawaida humo humo mfukoni ndo ufungue, la sivyo umande utaulowesha na utakuwa umeufua kwa mlango wa nyuma. Friza isiwe ya samaki tafadhali. Nshaletewa dubu ananuka sato mpaka paka wa sokoni wakahamia kwangu.

Ndiyo najua ipo inayofulika, msinirukie. Kampuni ya Wendy Boston ya Uingereza katikati ya miaka ya 1950 ilitoa dubu wa nailoni wa kufua kabisa, macho ya plastiki, ndani vitu vinavyokauka. Na hii midoli ya poliesta ya leo fua utakavyo. Kama hujui wako ni wa kundi gani, chomoa unyoya mmoja uuchome kwa kiberiti. Ukinuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa cha supu na majivu yanasagika, hayo ni manyoya ya mnyama. Ukiyeyuka ukawa kapunje kagumu, hiyo nailoni. Unyoya MMOJA nimesema, na mbali na dubu mwenyewe.

Haya, mengine nayapitia haraka.

Eti kifungo sikioni ndo Steiff na bila kifungo siyo. Steiff wa Giengen, Ujerumani, walianza kuweka kifungo cha chuma sikio la kushoto 1904, lakini kifungo kinatoka, watoto wanaking'oa, kina mama wanakitupa ziwani, na wapo wahuni wanaokitoa kwenye mbovu wanakibandika kwenye takataka. Kwa hiyo soma mwili mzima, mishono, umbo, manyoya, kilichojazwa. Na lebo ya kitambaa kwenye kifungo ina historia yake, ile ya njano imeanza miaka ya 1930, mtu akikuletea dubu "wa 1908" ana lebo ya njano mpe maji anywe arudi nayo.

Eti "US Zone" kwenye lebo maana yake imetengenezwa Marekani. Hii nimeisikia mpaka basi. Ni Ujerumani hiyo hiyo, baada ya vita ya pili ile sehemu iliyokuwa chini ya jeshi la Marekani, Giengen ilikuwa humo. Lebo hiyo ni nzuri sana kukutajia umri, usiikate.

Na lebo kwa ujumla, aisee, hivi mkasi mnautoa wapi? Eti inamwasha mtoto. Mtoto wa nani anachezea mdoli wa 1950? Ikishakatika iweke kwenye bahasha uje nayo, heri nusu shari kuliko shari kamili.

Eti wa zamani ni ghali. Umri peke yake hauuzi. Uliotengenezwa kwa wingi ni wa bei ndogo hata ukiwa na miaka 90, na wa sponji wa miaka ya 60 na 70 nyingi zimeshageuka unga tumboni. Watu mnashikilia yule Steiff wa 1904 aliyeitwa Teddy Girl, aliuzwa kwenye mnada wa Christie's London 1994 kwa pauni 110,000. Ni kweli kabisa. Ila yule alikuwa wa Kanali Bob Henderson, kakaa naye tangu utotoni na anajulikana, kilichonunuliwa pale ni pamoja na hiyo historia. Wako ametoka kwenye belo, katikati ya suruali za jinzi, historia yake inaanzia kwa mfungua belo.

Halafu vijana wa Beanie Babies, vile vidoli vidogo vya wanyama vya kampuni ya Ty. Hawa nao wana dini yao. Kila belo la midoli likifunguliwa lazima mmoja akimbie kwangu na kale kadubu ka zambarau kenye waridi, ka Princess Diana, anatetemeka, eti kaona kwenye simu kanauzwa mamilioni. Mdogo wangu, umeona kanaOMBWA mamilioni. Hapa sokoni ukiambiwa shati elfu thelathini unalipa elfu thelathini? Angalia vilivyokwisha kuuzwa, siyo bei za kuombea. Ty walizianza 1993, hiyo ya Princess ilitoka 1997, zikatengenezwa nyingi mno na watu wakazihifadhi kwenye maboksi kama akiba ya kusomeshea watoto, ndo maana leo zimejaa na nyingi zinakwenda kwa dola chache. Makosa ya herufi kwenye lebo nayo yapo kwenye maelfu, siyo bahati. Ambayo kweli inatafutwa ni kama tembo Peanut wa bluu iliyokolea wa 1995, kabla hawajambadilisha kuwa bluu mpauko. Mi sijawahi kumuona kwa macho.

Eti midoli ya mitumba ina majini. Nalala nayo sitini na kitu chumba kimoja, kinachoninyima usingizi ni mbu.

Ukitaka nikuangalizie, piga picha uso, masikio yote mawili, nyayo, mshono wa mgongo na lebo, mchana karibu na dirisha, bila zile filta za kulainisha ngozi maana dubu hana chunusi. Au uulete ulivyo, na vumbi lake.

Yule wa Ukerewe bado yuko mezani, nimemfumua mgongo, nyuzi zake nimezitandaza kwenye ungo zinanuka kama mtumbwi uliozama. Mama anarudi Ijumaa. Wakati anaondoka akakumbuka nyumbani ana na katembo kadogo ka kuchomekea sindano, ka zamani zaidi ya dubu, na mi nikakumbuka Margarete Steiff mwaka 1880 alianza biashara na katembo ka namna hiyo hiyo, nikamkimbilia mpaka kituoni, mayu huyo tembo usimguse. Akaniuliza, hata kumpangusa?