Kombi Iliyoshushwa na Lita Zinazoning'inia Chini

Swali halibadiliki: Kombi yangu ya Volkswagen nimeishusha ikae karibu na ardhi, injini inapata moto, nifunge sampu ya ziada (chombo cha kuongeza oili kinachofungwa chini ya injini) ya lita ngapi? Na jibu linalosambazwa halibadiliki pia, eti oili ikiwa nyingi injini hupoa. Si kweli, na kwa gari lililoshushwa ushauri huo unaweza kuua injini nzima.

Nazungumzia injini ya Volkswagen inayopoozwa kwa hewa, yenye feni iliyosimama juu yake, kuanzia ya cc 1200 hadi ya 1600, ambayo hubeba lita 2.5. Zile kubwa za 1700 hadi 2000 zimejengwa tofauti na zina filta yake, tuziache. Funga sampu ya lita 1.4 na sasa unabeba lita 3.9. Sufuria kubwa huchelewa kuchemka, lakini moto ukiwa uleule huchemka. Joto la oili hutolewa hasa na rejeta yake ndogo iliyo kwenye boksi la feni. Kama mpira unaoziba ukingo wa chumba cha injini umekatika na feni inafyonza hewa moto ya chini, kama bati za chini ya silinda zilitupwa, kama taimingi ya cheche imekosewa au kabureta inatoa petroli pungufu, lita 3.9 zitafika palepale zilipofika 2.5. Anza na mpira na bati hizo kabla hujanunua chochote.

Sampu ina kazi moja ya kweli. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, hupita kwenye mirija ya pushrodi (fito zinazosukuma valvu) na kujaa kwenye kifuniko cha valvu, huku pampu ikivuta hewa. Taa ya oili haikuokoi hapo: huwaka presha ikishashuka hadi kati ya bar 0.15 na 0.45, wakati injini iliyopata moto inatakiwa iwe na kama bar 2 kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Ikimetameta tu, beringi zimeshakosa oili. Kwa mtu anayekimbiza Kombi yake kwenye kona, sina ugomvi na sampu. Ugomvi wangu ni mahali inaponing'inia.

Pima nafasi ya chini gari likiwa na tanki lililojaa, watu na mizigo, si likiwa tupu kwenye sakafu ya gereji. Weka rula chini ya sahani ya kichujio (bati la chini ya injini linaloshika wavu wa oili), kisha toa kimo cha sampu unayoitaka. Tairi nazo zihesabu: kipenyo kikipungua milimita 20, umepoteza milimita 10. Sampu inashikwa na stadi (bolti zisizo na kichwa) zilezile sita za milimita 6 zinazoshika sahani, na nyuzi zake zimo kwenye bodi ya injini, ambayo ni ya magnesiamu. Tuta haliisukumi sampu kwenda juu tu, huivuta kwenda nyuma pia. Stadi hung'oka na nyuzi zake, au bodi hupasuka, na oili yote humwagika barabarani. Sahani ya kawaida ikigongwa hubonyea. Hata hivyo usiiache imebonyea, kwa sababu hukisukuma kichujio juu hadi kikabana mdomo wa bomba ambalo pampu hufyonzea oili.

Ukifunga sampu, refusha bomba hilo. Bila kipande cha kurefushia, oili ya ziada hukaa chini ya mdomo ambako pampu haiifikii. Kipande kikilegea, pampu hufyonza hewa kwenye maungio. Gasketi ni mbili, moja juu ya kichujio na moja chini. Wosha za shaba ziwe mpya. Nati zikazwe nyutoni-mita 7 tu. Spana ndefu hapa ni balaa.

Kwa Kombi iliyoshushwa mimi huongeza ujazo juu, siyo chini: kifuniko cha pampu chenye njia ya kutoa oili, filta ya nje iliyofungwa juu ya usawa wa sahani, na hosi. Hosi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 13 hubeba kama lita 0.13 kwa kila mita, filta inaongeza yake, na ukiweka rejeta ya nje juu ya giaboksi unapata ujazo na upoozaji halisi. Injini hii haikutoka kiwandani na filta, ina wavu tu, kwa hiyo faida ni mbili.

Halafu kuna kijiti cha kupimia, ambacho watu hukiamini kupita kiasi. Kiko nyuma, jirani na puli ya krenki. Mbele ya gari ikishushwa milimita 50 zaidi ya nyuma, kwa umbali wa milimita 2400 kati ya ekseli, gari huinama nyuzi 1.2. Oili hukimbilia mbele, upande wa flaiwili, kijiti kinasoma chini, mwenye gari anaongeza, na oili iliyozidi inapigwa povu na kutapikwa kwenye bomba la kupumulia. Mwaga oili yote, safisha wavu, jaza lita 2.5 ulizopima kwa jagi, washa injini dakika mbili, zima na usubiri dakika kumi. Oili ilipofika kwenye kijiti, piga alama mpya kwa tupa. Ukiwa na filta ya nje, ongeza kwanza ujazo wake na wa hosi ndipo upige alama.