Ndoa za kupangwa Ireland hazikuwa za wote tangu enzi na enzi

Wengi hudhani wanavijiji wa Ireland walioana kwa mshenga na mahari tangu kale. Wenye mashamba makubwa, ndiyo. Maskini, ambao walikuwa wengi, walioa mapema: kibanda na kipande cha shamba la viazi vilitosha. Njaa kuu ya 1845–1852 ilivuruga yote. Baada yake shamba halikugawanywa tena kwa wana wote. Mrithi akawa mmoja, naye alingoja urithi hadi mvi ndipo aoe. Hapo ndipo mshenga alipotawala. Mahari ilitoka kwa baba wa bibi harusi (naam, kinyume cha kwetu), na mara nyingi fedha hizo hizo zikamwozesha dada wa bwana harusi. Karne ya 20, vijana walipohamia mijini na ng'ambo, desturi ikafifia.